Simu ya Mfasiri Inatumika

Soko la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu pale mfasiri mwenye gauni la samawati alipomkanyaga fundi kompyuta mguu. Akamwomba radhi, kisha akamwuliza kama ana modemu ya kufunga ndani ya kompyuta.

"Zipo tele, dada. Unatumia mfumo gani?"

"Linux."

Fundi akaguna. "Hapo umenipa kazi. Nyingi ya hizi ni modemu jina tu. Mzigo wote zinaitupia programu, na programu yenyewe imeandikiwa mfumo mwingine. Kwako zitakaa kama jiwe. Chukua ya nje."

"Tundu la kuichomekea kwenye kompyuta limeungua. Na mama anaumwa, siwezi kumwacha kila siku nikapeleke kazi mjini."

Alisema bila kubembeleza, na sauti ile ikamkaa fundi moyoni. Akafungua mashine kuukuu, akajaribu kadi hii na ile, hadi akapata moja inayojitegemea. Akaenda kuifunga nyumbani kwa mfasiri, akaiunga na laini ya simu. Ikakwaruza, ikapiga mluzi, ikashika.

"Nipigie jioni, fundi wangu," mfasiri alimwambia mlangoni.

Hilo "wangu" lilimkosesha usingizi. Akapiga: simu inatumika. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Kumbe ana mtu wake wa kuzungumza naye, alijisemea. Mfasiri alipompigia dukani, alimjibu kama mteja.

"Kama modemu inafanya kazi, mimi nimemaliza."

Upande wa pili ukakata.

Tangu hapo mikono ilikuwa kazini, akili haipo. Mwishowe akaona afadhali akaambiwe hapana uso kwa uso. Mama mtu ndiye aliyemfungulia, shali mabegani.

"Shikamoo, mama. Nimepiga sana, simu haipatikani."

"Marahaba. Itapatikanaje, mwanangu, na mashine yako imeishikilia kutwa? Laini ni moja. Hata dada yangu hanipati."

Fundi aliona haya mpaka masikioni. Laini ile aliiunga kwa mikono yake mwenyewe. Mfasiri akatokea nyuma ya mama yake, kalamu kaichomeka nyweleni.

"Umefuata nini?"

"Msamaha. Nilidhani una mtu."

"Ukanihukumu bila kuniuliza."

"Ndiyo."

Mfasiri akaichomoa kalamu nyweleni.

"Mtu ninaye," alisema. "Ila ana wivu, na haulizi. Ingia. Mama anataka kujua nia yako."

"Na wewe?"

"Mimi pia."

Fundi akavua viatu, akaketi mbele ya mama, akaisema nia yake: ndoa.