Picha Isiyo na Mbwa

Tiara hakuwa na ngazi. Hakuwa na lenzi ndefu ya kuvuta ndege karibu, wala kimo cha kuchungulia juu ya uzio, wala kaka wa kumbeba mabegani. Kamera yake ilikuwa kuukuu, upande mmoja imefungwa kwa utepe mweusi. Kitu kingine alichokosa ni subira, lakini hicho hakukijua, kwa hiyo hakukiweka katika hesabu ya shida zake.

Jina la Tiara, yaani kishada cha kurushwa kwa uzi, alipewa na wenzake darasani, kwa kuwa macho yake hayakutulia chini. Ndege ikipita, hata katikati ya somo la sayansi, shingo ya msichana huyo ilipinda. Alizipenda hasa ndege kubwa za mizigo, zisizo na madirisha ubavuni, zinazoshuka kwa uzito kana kwamba zimebeba mtaa mzima.

Kila Jumamosi alifagia karakana ya mama yake, aliyekuwa fundi wa baiskeli, kisha akaenda kwenye kona ambako barabara inapita karibu na uwanja wa ndege. Hapo walikusanyika wapiga picha, watu wazima watupu, kila mmoja na ngazi yake. Walipanda ngazi ili lenzi zipite juu ya uzio, maana ukipiga kupitia wavu wa waya, ndege hutoka na viraka vya kijivu. Mwenye ngazi imara kuliko wote alikuwa Kinyozi, mtu mnene mwenye maneno mengi.

Mlinzi wa sehemu hiyo walimwita Filimbi, kwa sababu filimbi haikumtoka kifuani. Angeweza kuwafukuza wote, lakini aliwaacha kwa sharti moja.

"Macho yaingie, mikono ibaki nje," aliwaambia. "Mtu akigusa uzio wangu, mtaondoka wote na ngazi zenu."

"Na Abiria je?" Kinyozi aliuliza. Abiria alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, asiye na mwenyewe, aliyezunguka miguuni mwao akisubiri makombo ya mkate. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwapo kila safari na hakulipa nauli.

"Abiria sina wasiwasi naye. Hana kamera."

Jumamosi moja ilitarajiwa ndege ya mizigo yenye injini nne, ambayo pua yake hufunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Tiara hakuwahi kuiona. Watu walifika wengi kuliko kawaida, ngazi zikabanana.

"Mjomba Kinyozi, naomba nipande kidogo."

"Ngoja ishuke kwanza. Ikishatua nitakupisha, utaipiga ikienda kupakua."

"Ikishatua si picha tena, Mjomba."

"Si picha? Basi mwambie rubani akusubiri huko juu."

Watu walicheka. Tiara hakucheka. Mfukoni mwake mlikuwa na koleo la kukatia waya. Alikuwa amelitoa kwenye msumari ukutani mwa karakana asubuhi hiyo, bila kumwomba mama yake. Njia nzima alijiambia kwamba amelibeba tu.

Aliufuata uzio hadi vichaka vikamficha, akapiga magoti, akakata. Alikusudia tundu la kutosha lenzi, basi. Lakini lenzi ilitaka nafasi ya kugeuka, kwa hiyo akakata waya mwingine, kisha mwingine, akazipinda ncha kando. Alipochungulia, kwa mara ya kwanza aliiona njia ya kurukia ndege ikiwa safi, bila viraka.

Hakumwona Abiria akija. Alihisi manyoya yakimpita mkononi. Mbwa alijibana, akapenya, akaenda zake katikati ya nyasi kuelekea kwenye lami.

Ndege ilikuwa tayari inashuka. Filimbi hakuwa mbali. Angeitwa angesikia, na alikuwa na redio ya kuzungumza na wenzake ndani. Tiara alifungua mdomo. Kisha akaufunga, na kidole chake kikabonyeza kitufe cha kamera. Papo hapo injini zote nne zilinguruma, pua ikainuka, na ndege ikapaa tena bila kutua, magurudumu yakining'inia juu tu ya lami.

Ilizunguka, ikatua salama baadaye. Wazimamoto walimkamata Abiria kwa kumtegea kipande cha mkate. Tiara alirudi nyumbani akirudia maneno yaleyale kichwani: hakuna aliyeumia, hakuna aliyeumia. Akalirudisha koleo kwenye msumari wake.

Picha ilikuwa nzuri ajabu. Kwenye kompyuta ya shule aliikata kipande cha chini, pale alipoonekana Abiria, kabla ya kumwonyesha mwalimu wa sayansi. Mwalimu aliichapisha na kuibandika ukutani.

"Umeipataje picha kama hii?"

"Bahati tu, Mwalimu."

Alilijutia neno hilo kabla hajafika kwenye dawati lake. Picha ilimtazama siku nzima. Ndege zilipopita alikodolea daftari.

"Vipi, Tiara, uzi umekatika?" jirani yake alimtania. Tiara alijifanya hakusikia.

Siku chache baadaye Filimbi aliingia karakana akisukuma baiskeli. Alivaa shati la kawaida, na kifuani hapakuwa na kitu.

"Shikamoo," Tiara alimwamkia, akiinamia gurudumu alilokuwa akilipangusa.

"Marahaba, binti yangu. Nasikia picha yako iko ukutani shuleni. Nichapie na mimi moja. Ndege ile imenivua sare, nataka angalau niijue uso." Akamgeukia mama. "Fundi, nifungie kikapu kikubwa huku nyuma. Nitajaribu kuuza mboga."

"Kwani umeachishwa?"

"Wameona uzio umekatwa. Wanasema sikuukagua. Fundi, mimi kila asubuhi naupitia uzio ule kwa mkono, waya kwa waya, na siku ile niliupitia. Ulikuwa mzima. Mkuu wa ulinzi akaniuliza, 'Basi umejikata wenyewe?' Ningemjibu nini?" Mkono wake ulipapasa kifua, mahali ilipokuwa filimbi. "Kazi nitapata nyingine. Kinachoniuma ni kuitwa mwongo. Jana hata mke wangu ameniuliza, kwa upole tu, kama kweli nilipita."

Mama alinyoosha mkono akalichukua koleo ukutani ili akate waya wa kufungia kikapu. Koleo likalia, ta. Ulikuwa mlio uleule wa kichakani.

"Ni mimi," Tiara alisema.

Wote wawili walimtazama.

"Uzio niliukata mimi, na koleo hilo. Ulikuwa mzima. Nilitaka kupitisha lenzi."

Filimbi aliketi juu ya kigoda cha wateja. "Mbwa alipoingia, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Hukuniita."

"Nilipiga picha."

Neno hilo lilikuwa gumu kulitamka kuliko lile la kwanza. Tiara alianza kulia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Filimbi aliitazama baiskeli yake.

"Ulikuwa unanipita pale kila Jumamosi ukiniamkia," alisema mwishowe. "Na leo umeniamkia."

Mama aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama afanyavyo akiwa na hasira.

"Sikiliza, mwanangu. Hukuwa na ngazi, na mimi sina uwezo wa kukununulia lenzi. Hilo si kosa lako. Lakini kukosa kitu hakukupi ruhusa ya kuharibu cha mwingine. Na uzio ule si waya mtupu. Kila asubuhi mtu huyu aliushika akasema uko salama, na marubani wakashuka kwa kuamini neno lake. Neno hilo ndilo ulilolikata. Kisha ukanyamaza, ukamwachia yeye mzigo."

"Nitafanyaje, Mama?"

"Utalirudisha neno hilo mahali ulipolitoa."

Siku ileile mama alimpigia simu mkuu wa ulinzi. Mkuu huyo alisikiliza mpaka mwisho, akasema anataka maelezo kwa maandishi ya mtoto mwenyewe, yenye saini ya mzazi. Yakifika, Filimbi atarudishiwa sare yake, na msichana asionekane kwenye kona ile mpaka mwaka uishe.

"Basi hiyo barua nipeni mimi niipeleke," Filimbi alisema, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Watasema nimekulazimisha. Itume mwenyewe."

Kesho yake Tiara alimweleza mwalimu kila kitu, naye akaibandua picha ukutani bila kumgombeza. Jioni aliandika barua mezani pa karakana. Mara ya kwanza aliandika "uzio ulikatika". Akaichana, akaanza upya: "Niliukata uzio." Aliandika pia kwamba alimwona mbwa. Mama alitia saini, na alama nyeusi ya grisi ikabaki pembeni mwa karatasi.

Ndani ya bahasha aliweka picha nzima, isiyokatwa. Juu ndege ilikuwa ikiinua pua yake. Chini, pembeni, Abiria alikuwa amesimama kwenye nyasi, mguu mmoja juu, akishangaa. Nakala nyingine alikuwa amempelekea Filimbi.

Mama alimsindikiza posta, akabaki mlangoni. Tiara aliilamba gundi, akaifunga bahasha, akaipitishia kiganja mara kadhaa, akamkabidhi karani. Ndege kubwa ilipita juu ya paa, vioo vya dirisha vikatetemeka. Tiara hakuinua macho. Alisubiri hadi karani alipogonga muhuri na barua ikaangukia ndani ya mfuko.