Kiganja cha Kwanza

Siku ile mjinga alikuwa Mhandisi Aidano Mlelwa, na hilo tulimalize mapema ili baadaye asionewe mtu mwingine. Mashine zilifanya kazi yake sawasawa. Jiji la Halvika, huko kaskazini ambako barafu ilikwisha na watu wakahamia, nalo halikuwa na kosa. Hata waranti ilikuwa halali.

Alikuwa amesimama mbele ya meza ya kioo katika kituo cha matengenezo, akitazama mchwa wakila kompyuta ya mtu. Hawakuwa wadudu. Walikuwa mashine ndogo kuliko chembe ya unga wa ulezi, mamilioni yao, wakimiminwa kutoka kwenye birika kama uji mwepesi wa rangi ya fedha. Waliingia ndani ya kompyuta iliyoungua, wakatafuna kilichokufa, wakajenga upya palepale kwa madini waliyobeba, kama wenzao wa shambani wanavyojenga kichuguu. Mwenye kompyuta hakumaliza hata kahawa yake. Alikabidhiwa mashine ikiwa bado na uvuguvugu, akaondoka.

"Anayefuata," alisema karani-chuma. Alikuwa na mikono miwili mirefu na uso bapa kama sahani, na alizungumza lugha za watu wote waliouziwa bidhaa za kampuni, Kiswahili kikiwemo.

Aidano aliuweka mpakato wake mezani kama mtu anayelaza karata ya ushindi. "Waranti ya kimataifa. Miaka kumi, kituo chochote duniani. Niliununua Makambako, lakini nadhani hilo halina neno."

"Halina neno, ndugu. Mpakato una kasoro gani?"

"Umezimika tangu jana. Ndani kuna mchoro wa daraja, na Jumatatu nauonyesha kwenye baraza la jiji."

Hakuwa na nakala nyingine. Kanuni za zabuni za Halvika zilikataza mchoro kukaa kwenye mashine mbili, ili usiibwe. Mchwa wa kampuni peke yao ndio waliojua kukarabati ubongo wa mpakato bila kufuta kumbukumbu zake. Bila mchoro, daraja lingekwenda kwa mhandisi mwingine.

"Weka kiganja," alisema karani.

Aliweka.

"Nakutambua kama mtumiaji. Mmiliki yuko wapi?"

"Mmiliki ni mimi."

"Hapana, ndugu. Mmiliki ni Bi Eradia Mlelwa."

Aidano alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

Mipakato ya aina ile ilitengenezwa kuwakomoa wezi. Ikitolewa tu kwenye boksi, inakikariri kiganja cha kwanza kinachoigusa, na huyo ndiye mwenye mali mpaka atakapoirithisha mwenyewe. Wengine wote ni watumiaji. Waliobuni utaratibu huo walifikiria karibu kila kitu, ila hawakuwahi kuishi nyumbani kwa akina Mlelwa, ambako kitu kipya hakitumiki kabla mama hajakishika. Siku ya safari, Aidano alilifungua boksi la ule mpakato ukinukia upya, akamnyooshea mama yake, Bi Eradia, ukiwa humohumo ndani, bila hata kuugusa. Mama alijifuta mikono kwenye khanga, akaweka viganja vyote viwili juu yake, akaomba kwamba mikono itakayoufanyia kazi isikose kazi. Kisha akamrudishia. Mpakato ulisikia yote na ukayachukulia kama yalivyo.

"Sasa hilo ni tatizo?" Aidano aliuliza.

"Si tatizo. Mwenye mali akikubali kwa mdomo tu, mchwa wanaanza. Nimpigie?"

Aidano alitazama saa, kama mtu anayetafuta sababu. Kwa kawaida alimtumia mama yake sauti fupi fupi, na kila Krismasi kifurushi alichokifunga mwenyewe kwa kamba. Kuongea naye ana kwa ana kulikuwa kumepitwa na mambo mengi. "Mpigie," akasema.

Mwanga ulikusanyika juu ya meza, na Bi Eradia akatokea katikati yake, mrefu kama chupa ya soda, ameshika jembe. Alikuwa shambani kwenye viazi.

"Kamwene," alisalimia kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene, mama," karani alijibu. "Pole na kazi."

"Huyu nani mwenye adabu?"

"Ni mashine, mama," alisema Aidano. "Shikamoo."

"Marahaba. Mashine imekuwahi." Alimkazia macho. "Umekonda, au ni hii picha?"

"Ni picha, mama. Sikiliza, kuna jambo dogo." Akamweleza habari ya mpakato, kiganja na Jumatatu. "Wewe sema tu ndiyo."

"Kwa hiyo hicho kitu ni changu."

"Kisheria tu, mama."

"Hata hili shamba ni langu kisheria tu. Nalilima hivyohivyo." Alijiegemeza kwenye jembe. "Na hiyo waranti yako inafika wapi?"

Hapa ndipo ujinga wa siku ile ulipokamilika. "Popote, mama," alisema kwa majivuno. "Hakuna nchi isikofika."

Bi Eradia alimgeukia karani. "Wewe mwenye adabu. Makambako mpo?"

"Tupo, mama. Nyuma ya stendi, jirani na wauza mbao."

"Na hao mchwa?"

"Walewale."

"Nani anachagua itengenezwe wapi?"

"Mwenye mali."

"Basi nimechagua. Itengenezwe hapa."

"Mama, leo ni Alhamisi," alisema Aidano. "Jumatatu nina baraza. Niko mbali."

Karani, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha wakati wa kunyamaza, alidakia. "Ndege-risasi ya jioni inatua Songwe saa nne tu baada ya kuruka. Nafasi zipo."

Watu wa Halvika walikuwa wakipanda ndege hizo kwenda kula ndizi za kuchoma Mbeya, wakarudi kulala kwao. Aidano mwenyewe alikuwa amewachorea uwanja zinakorukia. Kwa miaka sita umbali ulikuwa ndilo jibu lake, na lilikuwa jibu zuri, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kulipima.

"Nikimaliza hili daraja, mama," alisema polepole. "Mwaka kesho."

"Lile la kwanza ulisema hivyohivyo. Hili la ngapi?"

Nyuma ya Aidano foleni ilikuwa imerefuka, na mtu mmoja akakohoa.

"Basi tufanye hivi," alisema, kwa sauti ile anayoitumia kwenye mabaraza. "Nautuma kwa kifurushi cha haraka. Kesho asubuhi uko mlangoni kwako. Wanautengeneza, unanirudishia, na Jumatatu naingia barazani. Wewe umepata unachotaka, na mimi nimepata."

Bi Eradia alibandua tope kwenye jembe kwa kidole gumba, taratibu, mpaka chuma kikaonekana.

"Vifurushi vyako vyote ninavyo, mwanangu. Jiko la mwanga, kiti cha kukanda mgongo, bado viko kwenye nailoni zake. Safari hii nataka mikono iliyovifunga."