Sahihi Chini ya Barua Pepe

Kila siku baada ya masomo, Sindano na Kasuku walifanya kazi zao za shule ofisini kwa mama yake Sindano, fundi wa kompyuta katika kampuni ya vipuri. Walikuwa chanda na pete. Kasuku aliongea kwa niaba ya wote wawili, na Sindano, mwembamba kama jina lake la utani, alicheka tu. Mama aliwaachia kompyuta moja kwa sharti kwamba iwe ya masomo peke yake.

Siku moja mwalimu wa hesabu alimwita Sindano pamoja na mama yake.

"Nimeletewa barua pepe isiyo na jina la mwandishi," alisema. "Inasema mwanao aliiba majibu ya mtihani. Ikiwa ni kweli, haendi kwenye mashindano ya hesabu. Ataenda aliyemfuatia."

Aliyemfuatia alikuwa Kasuku.

"Sikuiba, mwalimu! Haki ya Mungu!" Sindano alisema, machozi yakimlengalenga.

"Naomba niione," mama alisema. Akaisoma hadi chini kabisa, palipokuwa na jina na simu ya kampuni yake, pamoja na namba ya kompyuta. Akashusha pumzi.

"Mwandishi hakuyaona maneno haya ya mwisho," alisema. "Barua zote za ofisini kwetu hupitia seva, yaani kompyuta kuu ya barua. Nimeipanga iongeze sahihi ya kampuni na namba ya kompyuta barua inapotoka, mwandishi akiwa ameshaituma. Na namba hii ni ya kompyuta ya watoto."

 Kompyuta ile waliitumia wawili tu. Sindano angeweza kuvumilia kusingiziwa na mtu mwingine yeyote, lakini si huyu aliyegawana naye hadi kifutio.

Kasuku alipoitwa, aliangua kilio. "Nilitaka sana kwenda. Nisamehe, Sindano."

"Ungeniambia, tungesoma pamoja," Sindano alijibu. "Mimi nilikuamini."

"Njia ya mwongo ni fupi," mwalimu alimwambia Kasuku kwa ukali. "Anayetaka nafasi huifanyia kazi, hamchimbii mwenzake shimo." Sindano akabaki na nafasi yake.

Njiani alimuuliza mama, "Sasa nimwamini nani?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Lakini hatutembei uchi kwa kuogopa chawa. Chagua marafiki kwa makini, na wewe uwe mkweli kwao."

Sindano alicheka kidogo, kisha akalia hadi nyumbani.