Dawa Isiyopenda Sabuni

Chrrr.

Kisauti kidogo, kama panya anayerarua karatasi ya biskuti. Kilitoka nyuma ya pazia la chumba, kikakatika, kisha kimya.

Inspekta Aurélie Kabongo alisimama gizani, katikati ya sebule ya watu, akasikiliza. Alfajiri ya Bulengera ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, na umeme haukuwepo. Panya, aliwaza. Nyumba gani haina panya? Hata kuwasha tochi aliona uvivu. Usiku kucha mtoto wake mchanga alikuwa ananyonya na kulia, kulia na kunyonya, na sasa mifupa yake ilikuwa mizito kama kuni mbichi.

"Nakuja, Mama Inspekta," sauti ya mwanaume ilisema nyuma ya pazia. "Navaa shati."

Akatokea akifunga vifungo: Lusenge, fundi wa pikipiki, mwenye nyumba. Alimpa mkono. Mkono ulikuwa baridi, una majimaji, na ulinuka pombe kali. Lutuku asubuhi yote hii, Aurélie alijisemea. Lakini hakumlaumu. Mtu ambaye mama mkwe wake yuko kasho, mahabusu ya polisi, kwa kumtilia mjukuu sumu, akinywa kidogo, nani atamhukumu?

Nyuma yake akatoka mtoto mwenyewe, Bénie, binti wa miaka minne, akitetemeka. Hakusema neno. Alinyoosha mikono tu. Lusenge akamwinua, akafungua vifungo vya juu, akamtia ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, kama kuku anavyofunika kifaranga.

Aurélie akatazama pembeni. Kule nyumbani naye aliacha kifaranga chake.

Ilikuwa mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, na barabara zote zilikuwa na watu wenye bunduki. Katikati ya taabu hizo, Bénie alianza kubadilika. Nywele za mtu mzima zikaota pasipostahili. Chunusi usoni. Sauti ikawa nzito. Mama yake, Virginie, alikwisha kufa katika vita. Aliyemlea ni bibi yake, Kahongya, mama wa marehemu. Bibi ndiye aliyeona nywele akimwogesha, na bibi ndiye aliyemwambia jirani. Jana jioni mtaa ukamjia na mawe. Polisi walimtoa akivuja damu kichwani.

Walisema ni karuho, ile sumu ya kuua polepole ambayo kila mtu anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona.

Aurélie alikusanya masufuria, unga, na vifurushi vya majani ya kuchemsha. Juu ya ua kichwa cha jirani kilichomoza. Huyo ndiye Hulda, jirani aliyeambiwa na bibi.

"Chukua na mwiko, Mama Inspekta! Mwiko njo anakorogea sumu!"

"Umemuona akitia kitu?"

"Kuona? Ule hayuko koko ya mutoto, ule ni pharmacie, duka ya dawa! Majani huku, majani kule. Na mutoto anasema na sauti ya mupatri! Batoto benzake banamuita Muzee Bénie. Sasa hasemi tena mbele ya batu, maskini."

"Nilikuuliza kama umeona."

Kichwa kikashuka nyuma ya ua.

Kasho ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo kama la banda la sungura. Kahongya alikaa sakafuni, kitambaa chenye damu kichwani, rozari mkononi. Aurélie alichuchumaa mbele yake.

"Koko, ulimpa mutoto nini?"

"Bugali na sombe. Sahani moja, yeye na mimi."

"Na yale majani?"

"Ya kifua changu. Nakunywa mimi."

"Una ugomvi na baba yake?"

"Lusenge? Ni mwanangu ule. Virginie alikufa, yeye hakunifukuza. Anampenda mutoto kupita kipimo. Kila asubuhi panya inamuamusha, mutoto analia baridi, baba yake anamubeba."

"Panya?"

"Ile inachana makaratasi mu chumba ya Lusenge. Nimetega mutego, hapana kushika kitu." Alisogeza shanga moja ya rozari, akasema, "Mama Inspekta, niliosha mutoto nikaona, nikasema. Kama ningekuwa mulozi, ningesema?"

Swali hilo Aurélie alitoka nalo hadi kwa komanda wa kituo, ambaye hakuwa na hamu ya maswali.

"Kasho haiko hospitali," komanda alisema bila kuinua macho. "Kesho asubuhi anatoka."

"Akitoka watamchoma, afande."

"Basi, donc, niletee mutu mwingine."

Aurélie alipanda pikipiki hadi hospitalini, matope yakimrukia hadi magotini. Masufuria ya Kahongya, aliyoyatuma asubuhi, aliyakuta juu ya meza ya daktari Grady, yamefunuliwa.

"Chakula, na majani ya kikohozi," daktari alisema. "Mutaa umemupiga mawe mutu asiye na kosa. Bibi mwenyewe njo alituletea mutoto, mbele hata ya jirani kujua. Tulituma damu Kampala. Jibu limefika leo."

"Sumu gani?"

"Hapana sumu. Testosterone. Homoni ya kiume, kipimo cha mwanaume mzima ndani ya mtoto wa kike."

Aurélie akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Anayemlisha mtoto anakula naye sahani moja, na hana dalili yoyote. Basi haikupitia mdomoni.

"Inaingiaje?"

"Kwa ngozi. Mwanaume ambaye mwili wake hautengenezi tena homoni anapewa gel ya kupaka mabegani. Ni dawa nzuri. Lakini ina adabu yake. Ukipaka, unanawa mikono kwa sabuni palepale. Unaiacha ikauke, unavaa shati juu yake. Kama unataka kulalisha mtu kifuani, osha kwanza pale ulipopaka. Bila hivyo yule anayekugusa umempaka na yeye. Mwanamke anaota ndevu. Mwenye mimba, ni hatari kwa aliye tumboni. Mtoto mdogo... umemuona."

"Inanuka nini?"

"Pombe. Inakuja mu vipakiti. Unachana, unapaka."

Chrrr.

Aurélie aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba si wake. Ule ubaridi. Yale majimaji. Mchana amekwenda nyumbani kunyonyesha, na kwa mkono huohuo amemshika mwanawe shavu.

"Maji iko wapi?"

Alinawa hadi viwiko, akasugua, akasuuza, akaanza tena, huku akimweleza daktari juu ya mkono wa Lusenge na mtoto ndani ya shati.

"Mtoto wangu, dokta?"

"Mara moja, na mkono ulikwisha kukauka. Muogeshe na sabuni ukifika. Hatakuwa na shida." Daktari akampa taulo. "Ule mwingine njo analala juu ya ile dawa kila asubuhi."

"Atapona?"

"Tukikata huo mguso, mengi yatarudi nyuma. Sauti, sijui. Na baba yake nimuone. Asiache dawa kwa woga; ajifunze kuitumia."

Mvua ilikuwa imeanza alipofika kwenye karakana. Lusenge alikuwa amemaliza kazi, anaosha mikono kwa sabuni ya unga ndani ya beseni, akisugua hadi chini ya kucha. Aurélie akakalia tairi kuukuu. Ndevu za fundi zilikuwa changa, kama za kijana. Na alijua, kama mtaa wote ulivyojua, kwamba Lusenge alikuwa msituni na wapiganaji wa Mai-Mai, wale wanaojipaka dawa ya risasi na kushika masharti yake, kwamba alipigana na kurudi.

"Unaosha vizuri."

"Mafuta ya pikipiki inakamata sana, Mama Inspekta."

"Na ya asubuhi?"

"Mafuta gani?"

"Ile ya asubuhi. Unaosha na nini?"

Mikono ikasimama ndani ya povu.

Aurélie alifikiri haraka. Akimuuliza waziwazi kama anapaka dawa, atakana. Wanaume wanajua kukana. Lakini kuna neno moja ambalo mtu aliyeapa msituni halisikii bila kulijibu.

"Lusenge. Sharti yake ni gani?"

"Hapana sabuni," mdomo ulijibu kabla ya kichwa. "Sabuni inaua dawa."

Mvua ilipiga mabati. Lusenge alifumba macho.

"Nani alikuambia?"

"Ku pori. Dawa ya risasi, ukipaka, hapana kuosha."

"Hii haiko dawa ya risasi."

"Inapakwa vile vile." Alikaa chini kwenye mafuta na matope. "Bomu lile lililoua Virginie, mu barabara ya Mangina, lilinichukua na mimi. Hapa." Hakuonyesha, ila alibana mapaja. "Ndevu zikaanguka. Nguvu ikaisha. Nilikuwa nalala mchana kama mugonjwa. Nikavuka mupaka, nikaenda Kampala. Munganga ya hospitali alisema kizungu, kijana mumoja akageuza mu Swahili kidogo kidogo. Alisema: mwanamuke na mutoto basiguse fasi umepaka. Nikacheka. Nikasema, njo ileile! Hata ku pori, mwanamuke akikugusa, dawa inakufa, risasi inaingia. Nilizani tunachunga dawa. Kumbe tulikuwa tunachunga batu."

"Na mutoto? Alikuambia na mutoto."

"Ku pori mutoto njo alikuwa anashika chupa ya dawa, Mama Inspekta. Mutoto hana zambi. Hawezi kuharibu kitu." Alijifuta povu mikononi. "Alikuwa analia baridi."

Aurélie alisogeza tairi karibu. Swali lililobaki lilikuwa zito kuliko mengine, na yeye alikuwa amechoka.

"Ulijua lini?"

"Ndevu zangu zilirudi. Kisha koko akaniambia nywele ya mutoto. Nikafikiri... Nikakataa kufikiri."

"Hata leo asubuhi umepaka."

"Hata leo."

"Na jana?"

"Hulda aliniuliza mbele ya batu: nani anapikia mutoto? Nikasema, mama mukwe. Haikuwa uongo."

"Hapana. Ilikuwa jiwe la kwanza."

Lusenge alisukuma beseni kando.

"Juu ya nini ulisema vile, Lusenge?"

"Kama ningesema dawa, wangeuliza dawa ya nini. Wangejua siko mwanaume tena. Nikaona afazali yeye aitwe mulozi, kuliko mimi niitwe mwanamuke."

Aurélie aliinuka kwenye tairi.

"Naweza kumtoa mama mkwe wako kwa karatasi," alisema. "Lakini karatasi haizuii mawe. Ni mdomo wako tu utakaoyazuia."

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umelala juu ya Bulengera. Kahongya alishuka kwenye pikipiki ya polisi, na watu walikuwa wamekwisha kujaa uani, wengine mikono nyuma ya mgongo. Aurélie aliijua mikono ya namna hiyo. Alisimama mbele ya bibi na akamtazama Lusenge.

Lusenge alisema. Alisema bomu, alisema Kampala, alisema kipakiti, alisema mwili wake mwenyewe ulivyo, kwa maneno ya wazi, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Kijana mmoja alianza kucheka. Hakuna aliyemsaidia, akaacha. Nyuma ya watu jiwe lilianguka matopeni, kisha lingine. Hulda alijifunika mdomo kwa kitenge.

"Mama, unihurumie," Lusenge alimaliza.

Kahongya alirekebisha kitambaa kichwani.

"Ungeniambia, mwanangu," alisema. "Ningekuchotea maji."

Akaingia jikoni, akatoka na beseni na kipande cha sabuni, akaviweka chini mbele yake. Lusenge alivua shati, akajisugua mabega, kifua, mikono hadi viwiko, watu wakitazama. Akajikausha. Akavaa shati safi, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Kisha akasimama mbele ya binti yake, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau inavyotumika.

Bénie aliwatazama watu wote. Halafu akamtazama baba yake, na kwa sauti ileile nzito akasema, ua mzima ukasikia:

"Papa, niko na baridi."