Mke wa Mshtakiwa

Mshonaji wa sare za shule alikuwa mcheshi. Cherehani ikilia, naye anataniana na wateja. Lakini mumewe, mtunza ghala, aliposhtakiwa kwa wizi wa mabati, mshonaji alinyamaza kama maji ya mtungini. Aliyemuuliza alijibiwa, "Amesafiri kikazi."

Siku ya kwanza ya kesi hakwenda mahakamani. Aliona haya. Hakimu alimuuliza mumewe kama ana mdhamini. Hakuna aliyejitokeza. Mume akarudishwa rumande.

Habari hizo zilimchoma. Siku ya pili alikwenda, mtandio umemfunika uso, akajibanza kwenye ngazi. Hakujua hata aingie chumba kipi. Kesi ikaahirishwa yeye yuko palepale.

Mama mmoja mwenye beji kifuani akamsogelea. Alikuwa mkunga mstaafu.

"Mwanangu, umemfuata nani?"

"Sijamfuata mtu."

"Haya, basi tukae tu."

Wakakaa. Baadaye mshonaji akasema chinichini, "Ni mume wangu. Sijui kama aliiba."

"Hilo iachie mahakama. Mimi si wakili. Sisi wenye beji hizi tunajitolea hapa mahakamani kuwasaidia washtakiwa, mashahidi, waliotendewa makosa, na jamaa zao. Ni bure, na siri yako itabaki kwangu."

"Atapataje dhamana?"

"Atahitaji mtu mzima wa kumdhamini, mwenye kitambulisho na barua ya makazi. Masharti mengine twende tukamuulize karani. Una ndugu?"

"Nina kaka. Hajui."

"Mwambie."

Jioni aliketi mbele ya kaka yake. Kabla hajasema, kaka akamtangulia.

"Dada, mtaa mzima unajua. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Mshonaji akainama. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesi ilipotajwa tena, mkunga aliwapeleka hadi chumba chenyewe. Aliwaambia wazime simu, na wasimame hakimu akiingia. Kisha akakaa nao. Kaka alitoa karatasi zake, na dhamana ikakubaliwa. Kesi ilikuwa bado, lakini mume angelala kwake. Mkunga aliandika tarehe ijayo kwenye karatasi, akampa mume mkononi.

"Usikose hata siku moja. Ukikosa, utakamatwa tena."

Nje, mume alitazama viatu vyake. "Nimekutia aibu, mke wangu."

"Nami nilikuacha peke yako," mshonaji akasema. Hakuweza kumtazama usoni. Akamshika mkono, wakapita katikati ya mtaa mchana kweupe, majirani wakiwaangalia.