Neno la Kuagana Saa ya Sandhya

"Anua kokamu kabla jua halijazama, washa taa, fungua mlango wa mbele, funga wa nyuma, na mtoto asilale!" Mavyaa yake aliyasema yote hayo kwa pumzi moja huku akitafuta ndala kwa kidole cha mguu, maana ng'ombe wa jirani Kamal alikuwa amekwama kuzaa na walikuwa wamemwita yeye. "Umenisikia, Mugdha? Au nimemwoza mwanangu kwa paka?"

"Nimesikia, Mama. Na paka naye amekusikia."

Bi kizee akacheka, akashika njia.

Mugdha akabaki na kichanga chake, Reva, wa miezi minne, na nyumba nzima kimya, kwa kuwa mumewe Omkar alikuwa kazini Mumbai na huonekana siku za sikukuu tu. Akatoka kuanua kokamu, yale matunda mekundu machachu yanayokuacha na mikono kama ya mchinjaji, kikapu baada ya kikapu, mbio mbio, maana wingu lilikuwa limevimba upande wa bahari, na aliporudi ndani akakuta Reva amelala kwenye susu, kitanda chake cha kamba kinachoning'inia darini.

Saa ile ile isiyotakiwa.

Alijua. Kila mtu kijijini anajua kwamba mtoto halazwi sandhya, ile saa ambayo jua limezama na nyota hazijatoka. Shuleni mwalimu wa Kisanskriti aliwaambia neno lenyewe maana yake ni kiungo, pale mchana unaposhonwa na usiku, akawaandikia ubaoni jinsi herufi mbili zikikutana hakuna inayobaki ilivyokuwa. Lakini jana yake mtoto alikuwa amelia mpaka alfajiri, na mama mwenye usingizi machoni, mwambie habari za mishono ya mchana na usiku, atakuomba umwache mtoto alale.

Akamwacha.

Umeme ulikuwa umekatika. Akawasha taa ya mafuta uani chini ya mrehani, akaweka nyingine kizingitini, akafunga mlango wa nyuma, akafungua wa mbele ili Lakshmi, mungu wa kike mwenye neema zake, apate njia. Ndege wakanyamaza. Wote. Kwa pamoja.

Kisha ikaja harufu... ya mtindi uliochacha.

"Mwenye nyumba..."

Mwanamke alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Sari yake haikuwa na rangi, au ilikuwa nayo ila giza limeifuta. Nywele ameziachia, zinadondosha maji. Na mvua ilikuwa haijanyesha.

"Nipe chumvi, binti. Kidogo tu."

"Taa imeshawashwa, dada. Chumvi haitoki tena. Asubuhi nitakupa hata gunia."

"Maziwa, basi."

"Nayo hayatoki. Usinilaumu, mavyaa yangu atanitafuna mbichi."

Mwanamke akacheka chini chini, kama mtu anayekohoa ndani ya mtungi.

"Amekufundisha vizuri. Na mtoto, kalala?"

Mugdha akaziba mlango kwa mwili wake. Hakuwa amemwambia mtu huyu kwamba kuna mtoto. Akawa anaomba moyoni kitu kimoja tu, aondoke, aondoke, aondoke.

"Haya," akasema mwanamke taratibu. "Nakuja."

Pale kwao mtu haagi kwa kusema naenda. Anayekwenda ni maiti. Mtu husema nakuja, hata kama hatarudi mwaka mzima, na mwenye nyumba humjibu njoo, na ni maneno ya mdomo tu, hakuna anayeyapima. Mugdha alikuwa ameyasema tangu utotoni, kwa muuza samaki, kwa mashangazi, kwa kila aliyewahi kuupa mgongo mlango wao.

Mdomo ukaitangulia akili.

"Haya, njoo."

Mwanamke hakugeuka.

Alitabasamu.

Ulimi wa moto wa taa ya kizingitini ukalala, ukaelekea ndani, kama uliopigwa na upindo wa nguo ya mtu anayepita. Mugdha akapepesa macho. Kizingitini hapakuwa na mtu.

Nyuma yake, chumbani, kamba za susu zikaanza kulia.

Kwii... kwii...

Alikimbia, akajikwaa kwenye kikapu, kokamu zikamwagika, akazikanyaga, akaingia. Susu lilikuwa linakwenda na kurudi kwa upana, bila mkono. Reva alikuwa macho. Anacheka. Anamchekea mtu aliye juu yake, mikono ameinyoosha, vile anavyofanya anapotaka kubebwa...

Na mgongo wake ukaanza kuinuka kwenye tandiko.

"Nenda!" Mugdha akapiga ukelele. Neno lisilotamkwa katika nyumba yenye uhai. "Nenda! Nenda zako!"

Susu likasimama ghafla.

Harufu ya mtindi sasa ilikuwa sikioni mwake.

"Nani aende?"

Ndipo alipoona alichofanya. Neno lile alilitupa kwenye susu, na ndani ya susu aliyekuwemo ni Reva. Alitaka kusema wewe, ni wewe, si mwanangu, lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na alichoweza ni kumnyakua mtoto na kujikunyata naye pembeni.

Mavyaa yake aliporudi alimkuta hapo hapo. Mugdha akamweleza yote, maneno yakigongana. Bi kizee hakumgombeza. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Lakshmi ana dada yake mkubwa, mwenye mikosi," akanong'ona. "Hupita mlango huo huo. Ila yeye haingii mpaka aitwe." Akachukua pilipili kavu, akazizungusha juu ya kichwa cha mtoto, akazitupa motoni. Pilipili njema hukohoza nyumba nzima. Hizi ziliungua kimya, bila harufu hata chembe, dalili kwamba mtoto ameguswa na kitu.

"Alipokuuliza nani aende, ulimjibu?"

"Hapana, Mama."

"Hata neno?"

"Hata neno."

Bi kizee akamgeukia mjukuu wake.

"Basi bado anangoja jibu."

Omkar, kwenye simu, alicheka. "Mnatishana wenyewe huko! Mtoto si ananyonya? Si ananenepa?"

Ananyonya. Ananenepa. Daktari naye amesema hivyo.

Lakini kila jioni, ndege wakinyamaza, Mugdha humpakata kwa mikono yote miwili, na kwa kitambo kile mtoto huanza kuwa mwepesi... mwepesi... mpaka inakuwa kama amepakata nguo yake tu. Mugdha hutazama mbinguni bila kupumua. Nyota zikitoka, uzito hurudi.

Jana nyota zilitoka zote.

Uzito ulichelewa.