Sauti Iliyotangulia Mdomo

Kuna ukimya wa aina nyingi, na Mkasi aliujua kila mmoja kwa jina la faili lake. Ukimya wa ofisi una feni ndani yake. Ukimya wa hospitali una viatu vya raba. Ukimya wa mahakamani una tumbo linalonguruma, na siku zote ni la yule aliyevaa suti. Miaka kumi na tisa ya kuhariri video ilikuwa imempa kitambi, macho mekundu na elimu hiyo.

Kwa hiyo saa nane mchana, kwenye chumba chake cha kuhariria nyumbani, alipoona kinundu katikati ya ukimya wa stoo ya kiwanda cha magodoro, hakuogopa. Alichukia.

Mpiga picha anayejua kazi yake, kabla hajafunga vifaa, huwaamuru watu wote wafunge midomo, kisha hurekodi dakika moja ya chumba kitupu. Mhariri huitumia dakika hiyo kuziba nyufa za sauti kila anapokata maneno ya watu. Kwenye skrini ukimya kama huo ni mstari uliolala. Huu nao ulikuwa umelala, ila sekunde ya thelathini na moja ulikuwa umeinua kichwa.

"Nani alikohoa stoo?" aliuliza bila kugeuka.

Mpiga picha alikuwa nyuma yake, akifuta lenzi. Alikuwa pia mke wake, kwa hiyo hakuna kosa la kazini lililokuwa linaishia kazini. "Hakuna aliyekohoa. Nilikuwa peke yangu. Mtunza stoo alikataa kuingia."

"Alikataa kwa nini?"

"Alisema hapendi kuingia mchana."

"Stoo ya magodoro, mchana. Anaogopa atasinzia?"

"Hariri, baba. Hariri."

Mkasi akavaa hedifoni, akaisikiliza dakika ile. Bati likatanuka kwa jua. Inzi akapita. Kisha, karibu kabisa na sikio la kushoto, sauti ya mtu aliyechoka kusimama mlangoni ikasema, "Hodi."

Na Mkasi, kama mtu yeyote aliyelelewa na mama mwenye mkono mwepesi, akajibu bila kufikiri: "Karibu!"

Mkewe akainua uso. "Unamkaribisha nani?"

Akavua hedifoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirishani palikuwa na pazia zito, lile la kuzuia mwanga usipige skrini. Akarudi kwenye mstari auchezeshe tena, amwonyeshe. Kinundu hakikuwepo. Ukimya ulikuwa umenyooka, kama uliokwisha kupata ulichokitaka.

"Umeyaona haya sasa?" alisema. "Programu zenyewe ndizo hizi."

Wakati huo chumba kikaanza kunuka sponji mpya.

Balaa la pili lilimpata akihariri hotuba ya meneja wa kiwanda. Meneja alisema, "Usalama kwanza," halafu ndipo akafungua mdomo. Mkasi akahesabu picha moja moja. Fremu mbili. Sauti ilikuwa imeutangulia mdomo kwa fremu mbili.

Ugonjwa huu una sura mbili, na mhariri mzoefu huzitofautisha haraka kuliko daktari. Kama pengo halibadiliki, unaisogeza sauti, unakunywa chai. Kama pengo linakua, basi kamera na kinasa sauti vinahesabu muda kwa mwendo tofauti, na hapo chai inapoa. Dakika ya kumi ya hotuba, meneja alikuwa ametanguliwa kwa fremu saba.

Akashuku kasi ya picha, akakuta ni ishirini na tano kwa sekunde, kama inavyotakiwa. Akashuku faili za muda, akazifuta. Akashuku kadi, akanakili upya. Akashuku kompyuta, akahamia ile ya mkewe. Akamshuku fundi aliyeitengeneza wiki iliyopita, akampigia simu.

"Umezima ukawasha?" aliuliza fundi.

"Wewe nikikuzima utawaka?"

Mwisho akafungua video ya miaka mitatu nyuma, ya mahafali ya chuo, aliyoihariri mwenyewe na kuikagua mara nne. Mkuu wa chuo akapongeza wahitimu huku midomo imefungwa, kisha akaanza kupongeza kimya kimya. Mkasi akaegemea kiti. Kama kazi safi nayo imeugua, ugonjwa haumo kwenye faili.

"Unataka chai?" akauliza mkewe.

Alikuwa anamtazama usoni. Aliyasikia maneno yote mawili, hadi alama ya kuuliza, na baada ya hapo ndipo midomo ya mkewe ikafunguka.

Akatabasamu nusu. Wawili hao walikuwa na tabia ya kuchezeana. "Umejifunza wapi huo mchezo?"

"Mchezo gani?"

Tena. Sauti, halafu mdomo. Tabasamu likamtoka. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akamtazama mkewe kama faili lililotumwa na mtu asiyemjua.

"Piga kofi," alinong'ona. "Kama tunavyopiga mbele ya kamera. Mara moja."

Mkewe akainua mikono. Pa! Viganja vyake vilikuwa bado vimeachana kwa upana wa kitabu. Kisha vikakutana, bila sauti yoyote.

Mkewe akaviangalia, machozi yakamlengalenga. "Tangu ile saa nane," sauti yake ikasema, na mdomo ukaifuata kwa haraka kama mtoto anayemkimbilia mama yake, "nasikia maneno yangu kabla sijayafikiria. Nikadhani ni uchovu. Baba, mengine si yangu."

"Yapi?"

"Hapa pazuri," ikasema sauti ile ile, kwa utulivu. Mkewe akatikisa kichwa kukataa, akauma midomo, akajaribu kuifunga kwa vidole, lakini mdomo ukafunguka ndani ya vidole na kuunda maneno yale moja baada ya jingine.

Mkasi akamrekodi kwa simu, akahesabu. Fremu tisa. Baada ya nusu saa, kumi na nne. Hakumwambia alichokuwa anakijua: kwamba pengo linalokua halisimami lenyewe, kwamba sauti inayokimbia mbele hufika mwisho wa safari yake peke yake, na kuanzia hapo unabaki na picha ya mtu anayeongea, anayecheka, anayekuita, bila chochote, hadi faili liishe. Na faili la mtu linaisha siku anayozikwa.

Akampigia simu shangazi wa mkewe, mganga, mama mfupi mwenye miwani ya kusomea na mkoba wa zipu. Alifika, akanusa hewa mara moja, akavua viatu.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, Shangazi. Alipiga hodi."

"Ukamwuliza ni nani?"

"Sikumwuliza."

"Mtu mzima na kitambi hicho, unabishiwa hodi na ukuta, unasema karibu!" Kisha akashusha sauti. "Siwezi kumfukuza. Ameingia kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Mimi nitamwinua, wewe utamsindikiza hadi getini. Usivuke geti. Usimpe neno lolote ambalo mwenyeji humpa mgeni. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Shangazi akamkalisha mke wa Mkasi kwenye kigoda, akafunga pazia, akamwaga maji kizingitini, akaanza kunong'ona. Mkasi aliona nywele za mkewe zikiinuka upande mmoja, kama mtu alikuwa amemlalia begani na sasa anaamka. Sponji ikanuka hadi kooni. Kitu kikasimama ubavuni pake.

"Mtoe," alisema Shangazi kwa pumzi tu. "Taratibu."

Akatembea, na ubavuni pake kikatembea kitu kizito na laini ambacho hakikuwa na nyayo bali mnyweo, kama godoro linapokaliwa na kuachwa, kukaliwa na kuachwa, wakavuka sebule, wakapita kwenye ndoo na kamba ya nguo, na kadiri geti lilivyokaribia ndivyo harufu ilivyopungua na ndivyo alivyoanza kupumua, mpaka geti likafunguka, uzito ukamtoka ubavuni, na barabarani, kwenye jua la jioni lililokuwa linawamulika watu wanaotoka kazini wasiojua lolote, sauti ya mkewe ikasema, "Baba, umeniacha huku."

Akageuka. Mkewe alionekana mlangoni, mikono ya Shangazi mabegani mwake, mdomo wake ukipiga kelele bila mlio hata mmoja. Picha ilikuwa ndani ya ua. Sauti ilikuwa nje.

Akavuka geti.

"Mwachie," alinong'ona.

"Nikimwachia," ikajibu sauti ya mkewe, kwa upole wa kuumiza, "mimi nitakaa wapi?"

"Kaa popote!" alisema Mkasi. "Popote pale, mwachie tu mke wangu!"

Upepo ukapita. Nyuma yake, ndani ya ua, mkewe akalia kwa sauti, na kilio kilitoka mdomoni mwake kwa wakati wake.

Alirudi mbio. Wakakumbatiana, wakacheka, wakapiga makofi kama wehu, pa, pa, pa, kila kofi likilia pale pale viganja vilipokutana. Mkewe akaongea bila kituo, akamtukana mtunza stoo, akamtukana meneja, na kila tusi lilikaa sawasawa kwenye midomo yake. Shangazi akaanza kufunga mkoba.

"Nilikuona umevuka," alisema. "Ulimwambia nini kule?"

"Sikumwambia kitu."

Zipu ikasimama katikati. Mkewe akaacha kucheka. Wote wawili walikuwa wanamtazama mdomoni, hawapepesi macho, na Mkasi akashangaa wanachosubiri ni nini, maana alikuwa amekwisha kujibu. Na isitoshe, uongo wenyewe alikuwa ndiyo kwanza anautunga.

Kisha akahisi midomo yake ikianza kufunguka.